Wakanda iko kwetu, mbona hawasemi Kiswahili?

 

Jumamosi iliyopita darasa la kati lilikuwa linajaza ramani ya Afrika Mashariki. Kenya hapa, Uganda pale, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na Wakanda tuiweke wapi?" Darasa zima likacheka. Mwenzake wa dawati la nyuma hakucheka. Akasema, "Kama Wakanda iko Afrika Mashariki, kwa nini hawasemi Kiswahili kama sisi?"

Kengele ilikuwa imeshalia na wazazi wako mlangoni, nikaahidi kujibu kwenye jarida. Ahadi ni deni, basi nalilipa leo. Mimi kazi yangu ni uuguzi, si utaalamu wa sinema, lakini filamu hii nimeitazama na wanangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hadithi kwa kifupi

Filamu inaitwa Black Panther, yaani Chui Mweusi. Ilitoka Februari 2018, na mwongozaji wake ni Ryan Coogler. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Mwaka uliofuata ilipata tuzo 3 za Oscar: ya maleba, ya usanifu wa mandhari na ya muziki.

Wakanda ni nchi ya kubuni. Kwa nje inaonekana nchi maskini ya wafugaji. Kwa ndani ina treni zinazoruka, majumba marefu na dawa za kila jeraha, kwa sababu ina madini ya ajabu yaitwayo vibranium. Mfalme kijana, T'Challa, anarithi kiti cha baba yake. Kisha anatokea kijana kutoka Oakland, Marekani, anayeitwa Killmonger, akidai kiti hicho ni haki yake pia. Mengine mtazame wenyewe. Hapa Uingereza filamu ina alama ya 12A, kwa hiyo walio chini ya miaka 12 wakae na mtu mzima. Kuna mapigano na kuna vifo.

Na chui mweusi ni mnyama wa kweli. Ni chui kama chui wengine, ila amezaliwa na rangi nyeusi nyingi mwilini. Ukimwangalia vizuri kwenye mwanga, madoa yake bado yapo. Wapo Laikipia, nchini Kenya, na picha zao zilizopigwa usiku zilienea sana duniani mwaka 2019. Msimchanganye na duma, mwenye mbio, wala na simba.

Milima ni ya kweli, jiji si la kweli

Waliotengeneza filamu waliiweka Wakanda Afrika Mashariki. Ile milima ya kijani yenye ukungu mnayoiona ndege ikipita juu haikuchorwa yote kwa kompyuta. Wapiga picha walikwenda Uganda wakapiga picha kutoka angani, juu ya msitu wa Bwindi, wanakoishi sokwe wa milimani, na juu ya milima ya Rwenzori, ambako kilele kina theluji ingawa ikweta iko karibu. Wale wenye babu na bibi Kasese au Fort Portal, mnaweza kusema bila kudanganya kwamba Wakanda inaonekana kutoka uani kwenu.

Lakini waigizaji wengi hawakukanyaga huko. Sehemu kubwa ilipigwa ndani ya studio mjini Atlanta, Marekani. Mwigizaji anasimama mbele ya pazia kubwa la rangi moja, la buluu au la kijani. Baadaye mafundi wanaiambia kompyuta: kila penye rangi hii, ondoa, weka picha nyingine. Ndipo jiji linapoota nyuma yake. Rangi hizo huchaguliwa kwa sababu haziko kwenye ngozi ya binadamu. Ukivaa fulana ya kijani mbele ya pazia la kijani, utabaki kichwa na mikono vinavyoelea. Mnaweza kujaribu nyumbani kwa simu ya mama, mkiomba ruhusa kwanza.

Madini yaliyoanguka kutoka mbinguni

Kwenye hadithi, vibranium ilifika na kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani. Jambo hili nalo lina ndugu yake wa kweli kwetu. Mkoani Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna Kimondo cha Mbozi. Kina urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa ni chuma, na ukikigonga kinalia kama kengele. Hakina uchawi wala hakirushi treni, lakini kilitoka mbali kuliko Atlanta.

Wazazi kutoka Kongo wana la kuongeza hapa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yanayotumika kwenye betri za simu na magari ya umeme, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakanda ilificha madini yake ikatajirika. Kongo haikupata nafasi ya kuficha. Watoto wakubwa, muulizeni baba au mjomba aliyekulia Lubumbashi au Bukavu anafikiri nini akiitazama filamu hii. Kaeni chini kwanza, jibu linaweza kuwa refu.

Nguo zinasimulia

Maleba ni nguo za waigizaji. Aliyeziongoza ni Ruth E. Carter, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya kazi hiyo. Hakubuni kutoka hewani. Alitazama jinsi watu wa kweli wanavyovaa, akachukua kidogo hapa na kidogo pale.

Wale askari wanawake, Dora Milaje, wamevaa nyekundu na shanga. Hapo Wamaasai walikuwa mfano. Pete za shingoni zimetokana na Wandebele wa Afrika Kusini. Mablanketi ya watu wa mpakani ni mablanketi ya Basotho, kutoka Lesotho. Udongo mwekundu kwenye nywele za mama mmoja mzee wa baraza ni wa Wahimba wa Namibia. Kofia kubwa ya Malkia Ramonda imefuata kofia ya mwanamke wa Kizulu aliyeolewa, ila haikushonwa kwa mkono. Ilichapwa na mashine inayotengeneza vitu tabaka juu ya tabaka, kama keki.

Mtu anaweza kulalamika kwamba wamechanganya makabila yote kwenye chungu kimoja, na malalamiko hayo yana msingi. Mmaasai si Mzulu. Afrika si nchi moja, na nyie mnalijua hilo kwa sababu ramani mmeijaza. Mimi huwaambia wanangu hivi: tazameni, furahini, kisha mtaje kila kitu kimetoka kwa nani.

Watu wetu waliomo

Nakia, mpelelezi, ameigizwa na Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico mwaka 1983 akakulia Kenya, na Kiswahili anakisema. Filamu ilipotoka, Kisumu walikuwa na uzinduzi wao, kwa sababu baba yake ndiye gavana wa kaunti hiyo. Mwaka 2015 alikuwa pia kwenye filamu ya Star Wars, akiigiza Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye miwani mikubwa. Sehemu kubwa ya filamu ile ilitengenezwa Pinewood, hapo magharibi mwa London tu.

W'Kabi ni Daniel Kaluuya, mtoto wa London aliyekulia Camden, wazazi wake Waganda. Ayo, mmoja wa Dora Milaje, ni Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala akakulia Ujerumani. Shuri, binti wa mfalme mwenye maabara, ni Letitia Wright. Yeye alizaliwa Guyana akalelewa hapa London. Angalieni vizuri orodha hiyo. Wengi wao ni watoto waliozaliwa huku wakakulia kule, kama nyie.

Kuna pia tukio linalotokea hapa London, ndani ya jumba la makumbusho la kubuni. Killmonger anasimama mbele ya kabati la vioo akimuuliza mtunzaji vitu hivi vimefikaje hapa. Swali hilo si la kubuni. Shaba za Benin zilizoko British Museum zilichukuliwa na askari wa Uingereza mwaka 1897, na mjadala wa kuzirudisha unaendelea mpaka leo. Kuingia huko ni bure. Likizo ijayo mpeleke watoto, mwende na swali hilohilo mfukoni.

Sasa, lugha

Wakanda wanasema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, lugha ya mama ya Nelson Mandela. Kwa nini, wakati milima ni ya Uganda?

Jibu ni mzee mmoja. Mwaka 2016, kabla ya Black Panther, kulikuwa na filamu nyingine ambamo T'Challa alionekana kwa mara ya kwanza akiwa na baba yake. Baba aliigizwa na John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini. Mfalme wa Afrika na mwanawe wanaongea faraghani, kwa nini waongee Kiingereza? Mzee Kani akatumia lugha yake mwenyewe, na Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, akajifunza maneno. Basi ikawa ndiyo lugha ya Wakanda. Filamu iliyofuata waigizaji wote wakaketi chini kujifunza, na mtoto wa mzee huyo, Atandwa Kani, akamwigiza baba yake akiwa kijana.

Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba Kixhosa kinashinda Kiswahili. Alikuwepo mtu mmoja, alikuwa na lugha yake mdomoni, na hakuona haya kuitumia. Ingekuwa mzee wa Lamu au wa Bagamoyo siku ile, leo T'Challa angesema "Shikamoo baba."

Lakini tusinune, kwa sababu Kixhosa ni binamu wa Kiswahili. Sisi tunasema mtu na watu, wao umntu na abantu. Sisi nyama, wao inyama. Sisi tatu, wao thathu. Na Kiswahili chenyewe kimo, sikilizeni majina. Wale watu wa milimani wanaitwa Jabari, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, maana yake mwenye nguvu, shujaa. Mzee anayetunza mimea ya siri anaitwa Zuri. Hilo mnalijua: mtoto mzuri, kitabu kizuri, nguo nzuri, jina zuri.

Si mara ya kwanza kwa lugha zetu kufika huko. Mwaka 1983 filamu ya Star Wars ilikuwa na rubani mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Sauti yake ilikuwa ya Mkenya, Kipsang Rotich, akiongea Kikuyu. Na mwaka 1966, mwaka uleule Chui Mweusi alipotokea kwenye kitabu cha katuni, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek. Ndani yake alikuwemo afisa mweusi aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Neno lilikuwa bado la moto, likaruka mpaka angani.

Swali la baraza

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala ndefu hivi.

Killmonger ni mtu mbaya kwenye hadithi, ameua wengi. Lakini ni mtoto wa ughaibuni. Baba yake alitoka Wakanda, yeye akakulia kwenye ghorofa Oakland, akisimuliwa habari za machweo ya nyumbani ambayo hajawahi kuyaona. Anapofikishwa barazani amefungwa mikono, hakuna anayemjua. Mzee mmoja anamuuliza kwa lugha yao: wewe ni nani? Na yeye anajibu kwa lugha ileile. Anataja jina lake na jina la baba yake. Tazameni nyuso za wazee wakati huo. Hawakumpenda, lakini hakuna aliyeweza tena kusema si mwenzao.

Nilipoliona tukio hilo mara ya kwanza, nilikumbuka kitanda kimoja hospitalini. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane.

Nilikuwa zamu ya usiku, nikaitwa kutoka wodi nyingine kwa sababu kulikuwa na bibi aliyeacha kusema Kiingereza. Aliishi nchi hii miaka mingi na Kiingereza alikijua. Lakini ugonjwa wa kusahau una tabia hiyo: mara nyingi lugha uliyoipata ukubwani hutangulia kuondoka, na ile ya utotoni hubaki. Pembeni walikuwa wajukuu wawili, vijana wazuri wenye adabu, wamekuja na maua. Bibi alikuwa anamtazama mmoja wao akiuliza tena na tena, "Mwana wa nani wewe? Mwana wa nani?" Kijana alikuwa anatabasamu tu. Alidhani bibi analalamika maumivu.

Nikamwambia maana yake. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, ajibu vipi?

Sikuwalaumu vijana wale, wala wazazi wao. Mwanangu wa kwanza alipoanza shule, mwalimu mmoja alinishauri niache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichelewe. Nilikuwa natoka zamu za usiku, nimechoka, na nilimwamini. Miaka mitatu niliongea naye Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakufaidika na Kiingereza hicho, alikipata kizuri zaidi shuleni. Alichopoteza ni kuongea na mama yangu Tanga. Leo wakipigiana simu wanasalimiana, kisha mimi ndiye nakuwa daraja. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, hata nikiwa sijalala, mnaniona darasani.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Wakanda hawasemi Kiswahili kwa sababu siku ile hakuwepo wa kukisema. Sinema nyingine zitatengenezwa, na nyingi zitatengenezwa hapa hapa London. Mmoja wenu anaweza kuwepo. Lakini hata asipokuwepo kwenye sinema, atakuwepo kwenye kitanda cha bibi yake, na swali litakuwa lilelile.

Yule kijana nilimfundisha sentensi moja: "Bibi, mimi mjukuu wako, mtoto wa mwanao mkubwa." Aliirudia mara tatu mpaka ikatoka. Bibi akamshika mkono akasema, "Ushakula?" Kijana akanigeukia, nimwambie nini? Nikamwambia, sema "bado."

Neno kwa wazazi

Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Aligunduliwa nayo mwaka 2016, na filamu hii aliitengeneza akiwa mgonjwa bila watazamaji kujua. Wengi wetu tuko umri huo au tumeupita. Ukiona damu kwenye choo, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukikonda au kuchoka bila sababu, nenda kwa daktari wako, usione haya. Uingereza, NHS humtumia kila mwenye umri wa miaka 50 hadi 74 kifurushi cha kipimo kwa posta, kila baada ya miaka 2. Kinafanyika chooni kwako, dakika chache. Wengi wetu tunakiweka juu ya friji mpaka kinapotea. Tafadhali, kishushe leo.

Kazi ya nyumbani

Wadogo: andikeni vitu vitano vya Wakanda kwa kutumia -zuri. Mfano: kofia nzuri, mlima mzuri.

Wa kati: chagueni vazi moja kwenye filamu, mseme limetoka kwa watu gani na nchi gani.

Wakubwa: mpigieni simu babu, bibi au shangazi. Akiuliza "Nani mwenzangu?", jibuni kwa sentensi kamili: jina lako, mtoto wa nani, na kwenu ni wapi. Jumamosi kila mmoja atasimama mbele kama barazani na kujibu. Kukunja mikono kifuani kama Wakanda kunaruhusiwa.

Msamiati

Maleba: nguo za waigizaji. 
Mandhari: sura ya mahali. 
Kimondo: jiwe kutoka angani. 
Baraza: mkutano wa wazee, pia mahali pa kukaa mbele ya nyumba. 
Ughaibuni: nchi ya mbali na kwenu. 
Machweo: wakati jua linapozama.

Tuonane Jumamosi, na penseli mje nazo.

Mwalimu wenu wa darasa la kati